Picha Yenye Kosa Moja

Ile mbuzi ya kukunia nazi iliyo nyuma ya mlango, isiyo na ulimi, msiitupe. Najua Kelvin ameitazama mara kadhaa kwa jicho la mtu anayetafuta nafasi ya kuweka makopo. Ulimi niliung'oa mwenyewe, kwa sababu hicho ndicho kiti changu cha kazi. Picha zote za vitu vya kuchezea zilizotoka katika karakana hii ya Changamwe nilizichora nimekaa juu yake, magoti karibu na kidevu, kwa kuwa mtoto huliona gari lake la waya akiwa chini pamoja nalo. Anayechora amesimama hutoa kigari. Anayechora amekaa juu ya mbuzi hutoa lori.

Macho yangu yameniambia, na daktari wao akathibitisha, kwamba sasa inatosha. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi wawili mnaobaki, Kelvin na Riziki, mambo ya kazi hii kwa mpangilio nilivyoyapata. Habari za vyeo hazimo, maana hapa cheo kilikuwa kimoja tu, na aliyekuwa nacho ndiye aliyefagia.

Nilikulia Likoni, katika nyumba yenye mchanga safi ubavuni, na katika mchanga ule mimi na Saumu tulichimba shimo la mdako. Namweleza Kelvin, ambaye kwao ni bara: mdako ni mchezo wa vijiwe. Unarusha kimoja juu, na kabla hakijarudi mkononi unakuwa umekwisha kuvikokota vingine kutoka shimoni; ukirusha tena unavirudisha vyote ila kimoja, ambacho ni chako. Saumu alikuwa jirani yangu, tumelingana umri, naye alirusha kwa mkono wa kushoto. Jamvini wakati wa chakula aligombezwa kwa ajili ya mkono huo. Kwenye mdako hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, kwa sababu alitushinda sote. Kisha baba yake akapata kazi mbali, wakafunga vitu vyao, wakaondoka. Enzi hizo watoto hatukuwa na namba za kupeana. Nimeitaja habari hii mapema kwa sababu nitaihitaji mwishoni.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuka feri nimevaa viatu vya Idi, kosa ambalo Fundi Mutua aliliona kabla ya salamu. Alikuwa mtu wa Ukambani, aliyekaa Changamwe tangu ujana wake akiandika vibao vya maduka na kupamba malori. Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya tela akichora simba.

“Unajua kuchora?” akaniuliza bila kugeuka.

“Najua.”

“Unajua kufagia?”

“Najua.”

“Anza na hiyo ya pili. Halafu umwagie maji hapo mlangoni. Vumbi la malori likishika rangi mbichi, simba wangu atakuwa na ndui.”

Hadi leo maji yanamwagwa mlangoni kila asubuhi, na rangi ya mwisho inapakwa kabla malori hayajaanza kupanga foleni ya bandarini. Watu hudhani ni desturi yangu ya Kiislamu ya usafi. Ni kinga ya simba.

Nilikuja na majivuno ya Kiswahili cha kwetu. Mutua akiniagiza kitu, mimi kwanza namsahihisha, ndipo naenda kukileta. Alinivumilia kwa muda, kisha akasema, “Msichana wa Likoni, Kiswahili chako ni kitamu sana. Lakini ubao hausikii.” Akanipa burashi. Akanifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki: unaukaza, unaudonoa kidogo, unaacha alama iliyonyooka kuliko rula. Akanifundisha kuegemeza mkono kwenye fimbo ili usitetemeke, kuosha burashi kwa tapentaini na baadaye kwa sabuni ya kipande, na kuilaza, kamwe usiisimamishe juu ya nywele zake. Na akanifundisha kosa.

Hili la kosa lina kisa chake. Mwenye duka la kuku kutoka Magongo alikuja kuagiza kibao. Mutua akamwuliza anataka kuku wa namna gani.

“Kuku tu. Kuku si ni kuku?”

Mutua akachora jogoo kwa chaki, jogoo mzuri mwenye mkia wa kupinda, ila hakumtia kile kilemba chekundu cha kichwani. Nikaona amesahau. Nilipofungua mdomo akanikanyaga mguu. Bahati nzuri kwa viatu vya Idi, nilikuwa nimekwisha kuhamia ndara. Mwenye duka akasogea, akainama.

“Jogoo gani huyu? Kilemba chake kiko wapi?”

“Ah, kweli,” Mutua akasema, kama mtu aliyeshtuka. “Hukaa vipi?”

Basi yule aliyesema kuku ni kuku akaeleza kilemba, na nyama inayoning'inia kidevuni, na kucha ya nyuma, na rangi ya shingo jua linapoipiga, na jogoo mmoja wa nyanya yake aliyekuwa akifukuza wageni hadi njia kuu. Alipoondoka tulikuwa na jogoo kamili.

“Ukimwuliza mtu anataka nini, hajui,” Mutua akaniambia. “Mwonyeshe kitu ambacho kimekaribia kuwa sawa, uone kama atanyamaza. Kila mchoro wa kwanza utie kosa. Moja tu. Ukitia mawili atadhani hujui kazi.”

Tulikula kwa kosa hilo miaka mingi. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na kibao kilichotuchukua siku nzima kikawa kinatoka wakati mwenye duka anakunywa chai. Wenye malori nao wakaanza kubandika simba waliochapwa. Sina ugomvi na mashine, ila simba wake hawana ndui wala hawana kitu kingine chochote.

Katika ukame huo mwalimu mmoja mwenye chekechea huko Mikindani akataka ukuta wa darasa uchorwe watoto wakicheza. Nilichora kijana anaendesha ringi ya baiskeli kwa kijiti, wasichana wanaruka kamba, na gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndara kuukuu. Watoto waliutazama ukuta mara moja, wakaenda zao kucheza. Walioganda pale ni wazazi. Dereva mmoja wa lori la mafuta aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama mbele ya gari la waya hadi mtoto akaanza kumvuta suruali.

“Langu lilikuwa na usukani mrefu, unanifika hapa,” akasema, akijigusa kifuani. “Unaweza kunichorea langu?”

Huyo ndiye mteja wetu wa kwanza wa vitu vya kuchezea. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia shemeji yake, na tangu hapo sijachora simba.

Mutua alikuja kuutazama ukuta ule kabla hajarudi kwao. Akaupitia polepole, mikono mgongoni, kisha akaniuliza, “Na chako kiko wapi?”

Nikamwonyesha kamba.

“Hiyo ni kamba ya watoto wote. Mimi nauliza chako.”

Hakurudia swali. Alifunga burashi zake kwenye gazeti akaenda Ukambani kufuga, na huko ndiko alikozikwa.

Kanuni ya pili ni yangu mimi: hatuchori kitu kabla hakijatengenezwa na kuchezewa hapa hapa. Nimemwona mtu anaieleza vibaya pia yake ya utotoni hadi tumekasirikiana, kisha nikampa uzi na kipande cha mti kilichochongwa, akaizungusha sawasawa huku anaongea habari nyingine. Ndiyo sababu mmewahi kukuta wanaume waliofunga tai wamepiga magoti kwenye sakafu yetu.

Nilipoivunja kanuni hii nililipwa papo hapo. Muuguzi mmoja, mwenyeji wa magharibi ya nchi, aliagiza mchezo wa vijiwe. Mimi, kwa kiburi cha mtu wa pwani anayeamini kila kitu kilianzia Likoni, sikumwita aje kucheza. Vijiwe si ndiyo mdako? Nikachora shimo zuri, la duara, lenye kivuli chake. Akatazama, akatazama tena.

“Mama, hapa mnazika nani?”

Kwao hawachimbi. Wanachora duara chini, basi. Nilifukia shimo lile kwa rangi ya udongo, na hadi leo, mwanga ukiipiga picha hiyo kwa ubavu, kaburi linaonekana.

Na kosa la Mutua nalo liliwahi kunitupa. Karani mmoja wa Shanzu alitaka picha ya gololi. Katika mchoro wa kwanza nilimtia mtoto anayefyatua kwa dole gumba, hali najua vijana wa huko walivuta kidole cha kati nyuma kama upinde. Nikasubiri anigombeze. Akatabasamu, akasema, “Mashallah, hasa hivyo.” Nikaamini, nikamaliza. Baada ya muda mrefu nikakutana naye kwenye feri nikamwuliza picha inaendeleaje.

“Nzuri sana. Ila hatukuwa tukifyatua hivyo.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesemaje, Bi Zuhura? Ulikuwa umeshatoa jasho.”

Mutua hakuwa amefikiria watu wenye adabu. Tangu siku hiyo nikawa namtaka kila mteja aje na mtu aliyecheza naye. Mbele ya mtu mliyegombania naye gololi, adabu huisha yenyewe.

Mzee Kazungu alikuja peke yake. Riziki atamkumbuka: mzee wa Kigiriama, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwuliza anataka nini.

“Nataka tiara.”

“Vizuri. Ulicheza na nani?”

“Sikucheza,” akasema. “Niliikamata.”

Alikuwa amefanya kazi ya ulinzi kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Nyinyi mnaoishi huku mnajua kwamba watoto wa mitaa ile hawaruhusiwi kurusha tiara, kwa ajili ya ndege zinazoshuka. Lakini mtoto akiona upepo mzuri hakumbuki ndege. Kazi ya Mzee Kazungu, pamoja na nyinginezo, ilikuwa kuwafuata, kukata uzi, kuichukua tiara na kuichoma kwenye jaa nyuma ya kibanda cha walinzi. Alikamata nyingi. Moja ilikuwa ya Katana, mwanawe, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Aliikata mbele ya rafiki zake, mkubwa wake wa kazi akiwa amesimama kando.

“Hakulia,” mzee akaniambia. “Alikunja uzi uliobaki akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hakuniomba kitu tena.”

Katana sasa ni fundi wa majokofu huko Kisauni. Hawakugombana, mzee alisisitiza. Kwa miaka mingi kijana yule alikuwa akipiga simu, na baba akishika anamwamkia vizuri kisha anauliza, “Mama yuko?” Mzee anampa mkewe simu, anatoka nje.

“Mke wangu amefariki,” akasema. “Sasa hana wa kumwulizia.”

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamwuliza picha itasaidia nini.

“Nikimpa iliyo sawa na yake, atajua kwamba niliiona.”

Sidhani kama mambo yao yote yalitokana na tiara. Kati ya baba na mwana huwa mna mengi. Lakini aliyekuja na agizo ndiye anayejua maumivu yanapokaa, nasi tunachora hapo.

Alieleza kama anavyoeleza mlinzi anayetoa ripoti: karatasi ya mfuko wa saruji, njiti mbili za ufagio wa chelewa, umbo la almasi, mkia mrefu mwekundu. Rangi ya mkia aliirudia bila kuulizwa. “Mwekundu, Mama. Naapa.” Nilimpa karatasi na njiti atengeneze, akavishika mkononi bila kujua aanzie wapi. Tiara aliyoijua yeye ilikuwa imekwisha kuanguka. Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata pia, akawa anakaa pale mlangoni akitazama malori, hadi Kelvin akaninong'oneza, “Mathe, huyu mzee ako na kazi, ama amekuja kupunga upepo?”

Ilinibidi kumfuata aliyeijua ikiwa hai. Nikachora mchoro wa kwanza kwa maelezo ya mzee, nikatia kosa langu: uzi wa kuivutia nikaufunga pembe ya chini, karibu na mkia, mahali ambapo tiara haipandi hata kwa kimbunga. Nikaenda nao Kisauni.

Katana nilimkuta ameingiza kichwa ndani ya jokofu.

“Shikamoo, mama. Limeharibika nini?”

“Marahaba, mwanangu. Sina jokofu. Nina picha ya tiara, imeagizwa na baba yako.”

Akatoka ndani ya jokofu polepole. Akautazama ubao, muda wa kufuta mikono tu. “Nina kazi, mama,” akasema.

“Sawa. Naomba niuache hapa. Ni mzito, na nina feri ya kuvuka.”

Haukuwa mzito. Nikauegemeza kwenye ukuta alipokuwa akitazama, ili kila akiinua kichwa aone uzi umefungwa pasipofaa, nikaenda zangu kumngoja.

Alichelewa hadi nikaanza kumsikitikia mzee. Kisha asubuhi moja, Mzee Kazungu hajafika bado, Katana akaingia na ubao ndani ya mfuko wa plastiki. Aliuweka mezani kwa kishindo.

“Nani amekwambia mkia ulikuwa mwekundu?”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali la uzi. Kosa nililolitia hakuligusa. Alikuwa amegusa ambalo sikulitia.

“Aliyeagiza,” nikasema. “Anasema aliiona.”

“Basi mwambie hakuiona.” Akacheka bila furaha. “Ulikuwa wa kaki. Lile shati lake la kazini lililochanika kwapani, mama alikuwa amelifanya tambara la kupigia deki. Nililifua, nikalipasua vipande. Aliushika mkia kwa mikono yake, na hata shati lake hakulijua.”

Nilijua kwamba nikimpelekea mzee maneno hayo nitakuwa nimeichoma tiara ile mara ya pili.

“Sasa nani ataitengeneza?” nikamwuliza. “Mimi siijui, baba yako haijui.”

“Basi msiichore.”

“Imeshaagizwa, mwanangu. Nitaichora na mkia mwekundu.”

Akaugeuza ubao uso chini. Akaugeuza tena. “Na huu uzi,” akasema, “hata malaika wangeivuta isingepanda.” Kisha: “Jumapili nina nafasi.”

Mzee nilimwambia neno moja tu: aje na shati lake la kazi, kama bado analo. Alikuwa nalo. Hakuuliza la nini. Huenda alidhani nataka kumchora na yeye.

Tulikutana Shika Adabu, kwetu Likoni, kwenye kiwanja ambacho ndege hupita mbali. Walisalimiana kama watu wanaongojea zamu hospitalini. Katana akakaa mchangani, akakata njiti, akazifunga, akagandisha karatasi kwa uji wa unga niliopika mwenyewe. Mikono yake haikusita hata mara moja. Kisha akanyoosha mkono bila kumtazama baba yake.

“Shati.”

Mzee akampa. Katana akalishika upindoni kwa meno, akalipasua kutoka chini hadi juu. Akapasua tena. Ile sauti ya kitambaa, nyinyi hamkuisikia, mimi sijaisahau. Mzee alianza kusema kitu, labda kwamba shati bado zima, kisha akaona vipande vya kaki vikifungwa kimoja baada ya kingine mwisho wa njiti. Akakaa chini palepale, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikunja suruali yake.

“Lilikuwa hili?”

“Mwenzake. Lile la deki.”

“Mimi nimekuwa nikiona mwekundu.”

“Ulikamata nyingi,” Katana akasema.

Mzee akachukua kipande kilichobaki akakilaza gotini. “Uwanja wa mpira ulikuwa nyuma ya nyumba yetu,” akasema. “Wenzako walizoea kurusha pale. Wewe kwa nini ulikuja kule uzioni?”

Katana aliendelea kufunga fundo ambalo lilikuwa limekwisha kufungika.

“Zamu yako ilikuwa kule.”

Nilijishughulisha na kuosha sufuria ya uji, ambayo ilikuwa safi.

Kanuni ni kanuni, haichorwi kabla haijapanda. Katana akashika uzi akarudi nyuma. Mzee akapewa tiara aiinue. Upepo ulikuwapo, lakini mara ya kwanza ilipiga chini, ya pili pia.

“Usiitupe!” Katana akapiga kelele. “Unaitupa!”

“Siitupi!”

“Unaitupa kama jiwe! Iachie tu!”

“Naiachia vipi sasa?”

“Baba, fungua mkono!”

Mzee akafungua mkono. Ikapanda, kaki ikijipinda nyuma yake, na yeye akabaki mkono wake ungali juu, wazi, muda mrefu baada ya kuwa hapakuwa na kitu cha kushika.

Niliichora nikiwa nimekaa juu ya mbuzi, kutoka chini kabisa, na ni mojawapo ya picha chache ambazo sikuzirudia. Mzee Kazungu alipokuja kuichukua aliitazama, akasema ipelekwe Kisauni.

“Si umeiagiza wewe?”

“Nikikaa nayo mimi, nitaitazama peke yangu. Ikikaa kwake, itabidi niende kuitazama.”

Kila Jumapili huenda. Mara ya mwisho Katana aliniambia mzee amekuwa msumbufu, anasema picha imetundikwa juu mno.

Swali la Mutua nimelijibu mwaka huu, macho yakiwa yangali yananiruhusu. Ile picha inayotazama barabara, ya wasichana wawili na shimo la mdako ubavuni mwa nyumba, hicho ndicho changu. Aliyeinama ni mimi. Anayerusha ni Saumu, na kijiwe chake kiko hewani, na mkono uliokirusha ni wa kulia.

Riziki, asije mtu akakuambia umrekebishe. Kelvin, usiishushe kupisha makopo. Malori yote ya nchi hii hupita mbele ya mlango huu, na abiria, na watu wa uwanja wa ndege na mizigo yao. Sioni kwa nini asipite yeye. Akija mama wa makamo yangu, akasimama mlangoni akasema yule msichana si wa mkono ule, msibishane naye. Mwagieni maji mlangoni, vumbi lisimsumbue. Mpeni ile mbuzi akalie, kisha mnipigie simu, nami nitavuka.

Vijiwe viko ndani ya mkebe, rafu ya juu. Nimeviosha.